Mdomo Usio na Mwenyewe

Kila mtu anataka habari ya ule mdomo, na kila mtu anaitaka wakati wa kula. Sijui mmejaliwa matumbo ya namna gani. Nikikaa kimya mnasema bibi kanuna, nikianza kusimulia mnaacha nyama kwenye sahani, halafu nalaumiwa mimi kwamba nimewaharibia chakula. Basi safari hii nimeandika. Anayetaka asome akiwa ameshiba na ameshanawa, na asinifuate kuniuliza kama ni kweli. Nilikuwepo. Vile vyombo nimeviosha kwa mikono yangu hii, na ile harufu haikutoka kwenye kucha kwa siku nyingi.

Kitu cha kwanza kilikuwa kiazi.

Nilikuwa nimechemsha viazi sita, nikavimenya, nikavipanga kwenye sahani, nikafunika kwa sahani nyingine, nikatoka uani kuanika nepi. Niliporudi nikafunua. Vitano vilikuwa kama nilivyoviacha. Cha sita kilikuwa kimetafunwa. Sisemi kimeliwa. Kingeliwa ningesema kuna mwizi, na mwizi wa kiazi namwelewa. Hiki kilikuwa kimetafunwa kikalainika, kikachanganywa na mate, kisha kikarudishwa mahali pake na kufinyangwa kidogo ili kifanane na kiazi. Kilikuwa bado kina joto, na halikuwa joto la sufuria. Nilikigusa kwa ncha ya kidole, kidole kikatoka na uzi wa mate, mrefu, ukaning'inia kama ute wa bamia kabla haujakatika.

Nilikitupa, nikanawa mikono mara tatu, nikanyamaza. Nyumba ya watu, na mimi mgeni. Nilijua tu kwamba mmoja wao ana tabia chafu.

Nyumba ilikuwa ya mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu. Alikuwa amejifungua kwa kupasuliwa, nikaitwa nimpikie na kumwogeshea mtoto mpaka kidonda kipone. Mtoto mwenyewe wa kike, mnono, mashavu yamejaa mpaka macho yanajificha. Mume wa mjukuu wangu kila mtu alimwita Fundi Sauti. Nami nilimwita hivyo, ila nikitaka kumchokoza nilimwita mume wangu, maana mume wa mjukuu bibi naye ana fungu lake, na yeye aliitikia, "Naam, mke mkubwa."

Kazi yake ilikuwa kutengeneza sauti za michezo ya redio. Mkisikia mtu redioni anafungua mlango, hakuna mlango hapo, kuna Fundi. Chumba chake cha kazi alikizungushia trei za mayai ukutani na vipande vya godoro, dirisha kalifunga kwa blanketi, na mezani kaweka kinanda cha umeme, sinthesaiza anaiita mwenyewe, chenye vifundo vya kuzungusha vingi kuliko vifungo vyote nilivyoshona maishani.

"Naanza na kelele tupu," alinieleza siku nilipofika. "Ile shhh ya redio isiyoshika stesheni. Halafu napunguza huku, nabana huku, mpaka inakuwa mvua."

"Kwa nini usingoje mvua inyeshe ukairekodi?"

"Huko ni kuokota, Bibi. Mimi naumba."

Neno hilo sikulipenda, ila mtu hagombani siku ya kwanza. Siku ya pili, nikiwa jikoni, nikasikia mvua ya kuvunja mabati. Nikatoka mbio, nikaanua nepi zote kamba nzima, jua linawaka na majirani wananitazama juu ya ukuta. Nikarudi na lundo la nepi mbichi kifuani. Fundi alikuwa amekaa chini kwenye korido, anajifuta machozi kwa kucheka.

"Mvua hiyo nimeipika, mke mkubwa."

"Pika na tumbo la kuhara basi, majirani wakusikie vizuri."

Nilimtukana, lakini alikuwa anajua kazi. Alikuwa na mlio wa ndala kwenye sakafu yenye maji, wa kitunguu kikiingia kwenye mafuta, wa ufagio, wa kitasa kibovu. Bomba lake la kuvuja lilinitoa kitandani mara mbili kwenda kukaza bomba lililokuwa limekazwa.

Wakati huo redio ilikuwa imempa kazi kubwa. Mchezo wa kila Jumapili, habari ya tajiri mlafi anayekula peke yake huku jamaa zake wenye njaa wanangoja mlangoni. Tajiri hasemi neno mchezo mzima. Anasikika akitafuna tu. Kwa hiyo mdomo ndio mchezo wenyewe. Fundi akatengeneza mdomo, akaupeleka, bosi wake akaukataa. Akatengeneza wa pili, ukakataliwa. Bosi alikuwa mwanamke mwenye sauti ya mwalimu mkuu, na simu ya Fundi ilikuwa haijui kunong'ona.

"Fundi, hapo nasikia betri. Sisikii mate."

"Nitaongeza mate, bosi."

"Ongeza. Ukishindwa sema, kuna mwenzako anarekodi ng'ombe akicheua. Wasikilizaji wanampenda."

Ng'ombe ndiye aliyemuuma. Alijifungia wiki mbili. Ukutani mchana kutwa tukasikia vinywa: vya haraka, vya polepole, vyenye meno, vya kubwabwaja, mpaka mjukuu wangu akawa ananyonyesha huku ameziba sikio moja.

Sasa alikuwa na utaratibu wake. Sauti akiipata, aliweka jiwe la mizani juu ya kitufe cha kinanda ili kibaki kimebonyezwa, halafu aliiacha iendelee saa nzima huku anafanya mambo mengine, aone kama sikio litaichoka. Siku moja kabla ya kile kiazi, nilimpelekea chakula cha mchana, nikakuta jiwe liko juu ya kitufe na mdomo unatafuna kwenye spika. Niseme ukweli, alikuwa amefika. Ulikuwa mdomo wa mtu mzima mwenye pengo upande mmoja, anatafuna huku kaachama, ulimi unalizungusha tonge na kulisukumia shavuni. Nikamwekea sahani: wali, maharage, kipande cha nyama. Akanawa, akamega, akaufikisha mkono karibu na kinywa, akasita.

Mnajua kusita huko. Una chakula mkononi, na mtu mwingine yuko hapo. Aliyelelewa vizuri hawezi kula mbele ya mtu bila kumkaribisha. Maneno yanatoka kabla kichwa hakijafikiri. Fundi akaigeukia spika, akasogeza sahani kidogo upande wake, akasema:

"Karibu, mzee. Tule."

Akacheka. Na mimi nilicheka, sijitoi.

Kwenye spika kutafuna kukasimama.

Jiwe lilikuwa pale pale juu ya kitufe. Taa nyekundu ya kinanda ilikuwa inawaka. Kulikuwa na kimya, kile kimya cha mtu aliyeinua uso baada ya kuitwa. Halafu kitu kikamezwa. Kizito, kikateremka kooni, tukakisikia mpaka kilipotua. Na Fundi hakuwa ametengeneza kumeza. Alikuwa ametengeneza kutafuna tu.

"Zima," nilimwambia.

Hakuzima. Mkono wenye wali ulibaki hewani, mwingine ukapapasa kalamu, akaanza kuandika kila kifundo kimesimama wapi.

"Umesikia ilivyomeza, Bibi?" alinong'ona. Macho yalikuwa yanamng'aa kama ya mtu mwenye homa. "Umesikia?"

Jioni ile ile aliituma kwa bosi. "Hapo sasa!" tukamsikia bosi. "Mate mpaka nimejifuta sikio!" Kesho yake ndipo kikaja kiazi.

Baada ya kiazi, kila chakula kilichokaa dakika mbili bila jicho la mtu kilitafunwa. Nilichemsha yai, nikalimenya ganda mwenyewe, likiwa zima bila ufa, na ndani nikakuta rojo la njano lililosagwa na mate. Nilinunua mkate, nikaukata. Katikati palikuwa na donge limelowa, na ndani ya donge unywele mmoja mgumu kama sindano. Na harufu. Ilikuwa harufu ya kinywa cha mtu mwenye jino lililooza aliyeamka bila kusukutua, na haikukaa hewani kama harufu nyingine. Ilikuja, ikarudi, ikaja, ikarudi, kama vile jiko linapumua.

"Ni panya, Bibi," mjukuu wangu aliniambia kwa sauti ya chini.

"Panya anakula, mama. Panya hatafuni akakurudishia."

"Basi labda wewe unasahau."

"Nasahau nini? Kumeza?"

Alitaka kucheka, akashindwa. Tangu siku hiyo tukawa tunakula wima jikoni, mimi na yeye, sufuria ikiwa bado jikoni kwenye moto, tunashindana, tunaungua ndimi, hakuna aliyekaribisha mwenzake. Hata hivyo chakula hakikutushika. Kilishuka kama pamba. Sketi yangu nikaibana kwa pini, wiki ya pili nikaongeza pini nyingine.

Fundi peke yake hakukonda. Yeye alisema chakula kitamu. Kila mchana alikuja mlangoni pa jikoni akiomba sahani mbili.

"Mbili za nini, mume wangu?"

"Kazi nzito, Bibi. Njaa imeongezeka."

Alizichukua sahani zote mbili, akaingia nazo chumbani, akafunga kwa ndani. Na kila Jumapili redioni yule tajiri alitafuna vizuri zaidi kuliko Jumapili iliyopita.

Kisha likaja la mtoto. Mashavu yalipotea kwanza, halafu mapaja. Kule kliniki muuguzi alimpima, akaweka nukta kwenye kadi, na mstari uliokuwa unapanda ukapinda kuelekea chini. Akamwambia mjukuu wangu anyonyeshe zaidi. Alikuwa ananyonyesha tangu alfajiri mpaka usiku. Wiki iliyofuata nukta ikashuka tena, na muuguzi akasema ikishuka mara ya tatu mtoto atalazwa, na akamtazama mjukuu wangu jicho lile la kumuuliza mama anafanya nini na mwanawe.

Sababu niliiona mchana kweupe, saa saba, pazia limefunguliwa. Mjukuu wangu amekaa kitandani na mtoto mapajani, mtoto ameachia titi na analia kile kilio kikavu kisicho na machozi, na mimi niko mlangoni na beseni la maji ya kuogea, nikasikia kunyonya, kunyonya kwa pupa, kwa midomo mikubwa iliyolegea, chup, chup, halafu pumzi puani, halafu chup tena, nikamtazama mtoto nikaona kinywa chake kiko wazi kinalia, nikamtazama mjukuu wangu nikaona amekaza macho ukutani na machozi yanamtiririka bila sauti kwa sababu alikuwa anajua, alikuwa amejua siku nyingi akaona aibu kusema, na lile titi lililoachwa na mtoto lilikuwa linavutwa mbele na kitu kisichoonekana, ngozi imelowa mate ya kijivu yanayoteremka mpaka kwenye kidonda cha tumbo, na tone la maziwa likatoka likasimama hewani kitambo kama limekaa juu ya ulimi, kisha likapotea, tukasikia likimezwa.

Nililiangusha beseni. Sauti ikakatika. Mjukuu wangu akajifunika haraka na kumkumbatia mtoto.

"Ni baridi, Bibi," alisema. "Ulimi wake ni baridi kama nyama ya buchani."

Nilikwenda moja kwa moja chumba cha kazi, nikausukuma mlango kwa nyonga. Kile kitasa kilikuwa kibovu kuliko kile cha redioni.

Kinanda kilikuwa kimezimwa. Waya wake umezungushwa vizuri, umewekwa kando. Na mdomo ulikuwa unatafuna, lakini haukutoka kwenye spika. Ulitoka upande wa pili wa meza, mahali palipokuwa na kiti kitupu na sahani. Fundi alikuwa ameshika kinasa sauti, amekielekeza kwenye kile kiti. Pembeni palikuwa na ndoo ya plastiki imejaa chakula cha siku zote hizo, wali, nyama, viazi, vyote vimetafunwa, vimeshikamana, vimeota ukungu juu. Hata inzi hawakutua. Walizunguka tu.

"Fundi," nilisema. "Unafanya nini?"

"Shh, Bibi. Anakula."

"Mtoto wako anakufa chumba cha pili."

Akashusha kinasa sauti. Tuseme haki, uso ulimbadilika. "Zimebaki Jumapili mbili tu," alisema kwa kunong'ona. "Mchezo ukiisha namwondoa. Na mtoto nimeshamwambia asimguse."

"Umemwambia nani?"

Kwenye kile kiti kutafuna kulipungua, kama mtu anayetaka kusikia anavyosemwa.

Nilitoka na kwenda kumtafuta mganga. Ni mzee mfupi anayeshona viatu mbele ya soko, miwani yake imefungwa kwa uzi ule ule wa viatu. Hana manyoya, hana kengele. Alikunja turubai lake, akanifuata. Alipoingia tu ndani alitema mate nje ya mlango, akapitia jikoni, akafunua sufuria, akafunika.

"Nani alimkaribisha?" akauliza.

Tulikuwa sebuleni: mjukuu wangu na mtoto, mimi, na Fundi amesimama karibu na mlango kama anayetaka kutoka. Fundi akaeleza yote, habari ya kelele tupu, vifundo, jiwe la mizani. Mganga alisikiliza akikuna goti.

"Wanapita wengi wasio na vinywa," alisema. "Wana njaa tangu zamani, hawana pa kuitia. Wewe ukatengeneza mdomo usio wa mtu, ukauacha wazi saa nzima, halafu ukasema karibu. Ulitarajia nani aitikie?"

"Ulikuwa utani, mzee."

"Yeye hakucheka."

"Nikivunja kinanda?"

"Kivunje. Atabaki na mdomo. Hakitumii tena." Akageuka, akamtazama mtoto, akaondoa macho haraka. "Mgeni aliyekaribishwa haondoki kwa kufukuzwa. Anaondoka mkishamaliza kula. Huyu hajamaliza, kwa sababu anatafuna na kuacha, sahani haiishi. Mwenyeji lazima ale naye sahani moja, ale alichotafuna yeye, mpaka sahani iwe nyeupe. Lakini nakwambia mapema: atakayemeza masazo yake, koo lake halitarudi kuwa kama la watu."

Fundi alimtazama mkewe, akatazama sakafu, na hapo akasema neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka natamani kutema:

"Si anapika mke wangu? Chakula ni chake. Labda ale yeye?"

Mganga alivua miwani, akaifuta. Mimi nilikuwa natafuta kiatu changu kwa mguu. Ila mjukuu wangu alinyanyuka, ameshika kidonda kwa mkono mmoja, akamwekea Fundi mtoto mikononi.

"Wewe si una masikio?" alimwambia taratibu. "Msikilize."

Mtoto alikuwa analia, lakini hakuwa na nguvu ya kulia. Alikuwa anafungua kinywa na kutoa pumzi tu, na mwisho wa pumzi kakilio kembamba kama mlango wa kabati. Fundi akainamisha sikio. Alisimama hivyo muda mrefu.

"Basi hiyo nayo iumbe," mjukuu wangu akasema. "Maana karibu itakwisha."

Fundi alimrudishia mtoto. "Leteni sahani," alisema.

Mganga alitupanga. Mkeka katikati ya sebule, sahani moja kubwa ya wali na nyama, Fundi upande mmoja, upande wa pili wazi. Sisi tukae ukutani. Akatuonya: mgeni akiinuka, mtu asimsindikize, na asithubutu mtu kusema karibu tena. "Nanyi nawajua midomo yenu," alisema, akinitazama mimi.

Fundi alinawa. Akasema, "Karibu, mzee. Tule."

Harufu iliingia kwanza. Halafu upande wa pili wa sahani wali ukaanza kuzama, ukapondeka, ukageuka rangi, na kutafuna kukaanza, pale pale mbele yetu, pasipo na mtu. Fundi alipeleka vidole kwenye kile kilichotafunwa, akakikusanya, kikamponyoka kwa utelezi, akakikusanya tena, akakitia kinywani, macho yake yakatoka machozi na tumbo likaruka, akabana midomo kwa kiganja mpaka kikashuka, na kabla hajapumua upande wa pili ulikuwa umeshatafuna kingine na kukisukuma mbele yake, nyama sasa, imesagwa ikawa nyuzi nyuzi za kijivu na mate yanatiririka ukingoni mwa sahani, akala, na kile kitu kikaanza kwenda haraka, kikafurahi, sijui niseme nini, kilikuwa kinamlisha, na yeye anameza na kutokwa jasho na kamasi vikichanganyika na chakula, na mara nyingine kikamrudi kooni kikafika kwenye meno, na mganga akamwambia kwa upole, kama anayemwambia mtoto, "Meza hicho hicho," akameza hicho hicho, mpaka akafika kwenye sahani tupu, na mganga akamwonyesha kwa kidole yale mate, akainama akayalamba.

Sahani ikawa nyeupe.

Kutafuna kukasimama. Tulisikia ulimi ukipita juu ya meno, ukitafuta kilichobaki. Kisha mcheuo mmoja mrefu wa kuridhika, moto, ukatupiga usoni sote ukutani. Mkeka ukanyanyuka upande wa pili, kama mtu anapojikongoja kuinuka. Harufu ikasogea kuelekea mlangoni, ikasimama kizingitini.

Ilikuwa inangoja. Mnaelewa? Ilikuwa inangoja kuagwa. Na mimi, kwa miaka yote hii ya kuwaaga watu mlangoni, yale maneno yalinipanda yakafika kwenye ulimi, nikauma ulimi mpaka damu. Mjukuu wangu alikuwa amejitia kona ya kanga kinywani. Fundi alikuwa ameinamia sahani, hakuinua uso.

Ikatoka. Mlango ukajifunga polepole.

Mganga alihesabu kimya kwa vidole, kisha akasema, "Mnyonyeshe." Mtoto alishika titi akanyonya mpaka akatapika kidogo, akashika tena. Wiki ile nukta kwenye kadi ilipanda. Tuliimwaga ile ndoo shimoni mbali na nyumba, tukaitia moto pamoja na kinanda, na Fundi mwenyewe ndiye aliyewasha kiberiti. Bosi alipiga simu Jumapili kuuliza mdomo uko wapi. Fundi alimwambia atumie ng'ombe.

Lakini Fundi hakula siku ile, wala kesho yake. Kila alichotafuna kilifika kooni kikarudi. Wali ulirudi. Mtasema angekunywa uji, uji ulirudi. Maji yalishuka, lakini hata supu ilirudi. Tulisaga vyakula kwenye mashine, tukaponda kwa kinu, vyote vikarudi. Siku ya sita alikuwa hawezi kusimama. Mganga akaja, akamtazama, akamwambia mjukuu wangu atafune kipande cha mkate na kumpa. Akatafuna, akatema kwenye kijiko, akampa. Kikashuka. Kikakaa.

Hivyo ndivyo anavyoishi. Koo lake halipokei ila kilichopita kwenye kinywa cha mtu mwingine. Mke wake alimtafunia miaka mitano, asubuhi, mchana na jioni, amempa mgongo. Mimi aliniomba siku moja mkewe alipokuwa mgonjwa. Nilimfunulia mdomo nikamwonyesha ufizi mtupu, maana meno yalishaniisha miaka hiyo, nikafunga.

Mwaka wa sita mjukuu wangu alisema taya zimemchoka. Hakupiga kelele. Aliweka sahani mezani, akafuta mikono, akamwambia, "Yule uliyemnyang'anya ana meno sasa. Kamwombe yeye."

Basi kila siku, wakati wa chakula, mwanamume mzima mwenye ndevu anapiga magoti mbele ya mtoto wa miaka sita na kibakuli mkononi na kusema, "Mama, naomba unitafunie." Na mtoto humtazama. Siku nyingine humtafunia, akatema kibakulini, akakimbia kucheza. Siku nyingine hujibu, "Leo sitaki," na hakuna mtu nyumbani anayemlazimisha, na siku hiyo Fundi hali.